Hatua Moja Ndani ya Jirani

Wanangu, mnaponiuliza habari za kazi ya kupima viwanja najua mnatarajia nianze na darubini na ramani. Nitaanza na wivu, maana ndio uliokaa nami kazini muda mrefu kuliko mtu yeyote. Nimewaonea wivu wenye viwanja, nimewaonea wivu wenzangu, na nyinyi mnaosomea upimaji pale Braamfontein nawaonea pia. Juzi nilimkuta mmoja wenu kando ya barabara ameshika mti mwembamba wenye kofia ya plastiki juu, anazungumza na setilaiti, na mkono wa pili ana kikombe cha kahawa. Kazi iliyokuwa inatutoa jasho asubuhi nzima yeye aliimaliza kabla kahawa haijapoa. Nilimsalimia, akaniitikia, "Sharp, madala," yaani poa, mzee, nami nikaenda zangu nimenuna.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilimwoa Nomvula, binti wa Waafrika Kusini waliokuwa wakiishi kwetu uhamishoni wakati wa kupigania uhuru. Njia ya kurudi kwao ilipofunguka, nilimfuata mke wangu hadi Johannesburg nikiwa sijui hata neno "robot" hapa lina maana ya taa za barabarani. Shuleni kwetu nilikuwa nimefundishwa kwamba ardhi ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Hapa nikaajiriwa na mpimaji mmoja, Bwana Viljoen, na kazi aliyonipa ilikuwa kutafuta vyuma vilivyozikwa ardhini.

Kwa wasiojua, kila kiwanja kina chuma katika kila kona. Kwetu Tanzania tunakiita bikoni. Ni kipande cha nondo kilichopigiliwa mpaka kichwa kikalingana na udongo. Hati iliyoko kwa msajili inasema kiwanja ni cha nani, ramani inasema kona zake ziko wapi, lakini mkifika pale wenyewe, majirani wameshikana mashati, ni chuma ndicho kinachowanyamazisha. Sasa chuma hicho hufukiwa na majani, hujengewa banda la kuku, humwagiwa zege, na wengine hukihamisha kabisa wakidhani Mungu amelala. Kazi yangu ilikuwa kukipata.

Aliyenifundisha ni mzee wa Kisotho, Ntate Moloi. Ntate ni kama kusema baba. Alikuwa na fimbo ya chuma yenye ncha, ndefu kiasi cha kumfika kifuani, ambayo sisi ofisini tuliiita sindano. Bwana Viljoen alikuwa ametununulia mashine ya kutafutia chuma, lakini mashine ile ilipiga kelele kwa kila kizibo cha soda na kila kopo la samaki. Ntate aliiacha kwenye gari. Alichoma udongo kwa sindano polepole, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari ya siri, akigusa kitu anasema jiwe, anagusa tena anasema bomba, anagusa mara nyingine anatabasamu. Bikoni hulia sauti nyembamba inayokuja mpaka kiganjani. Jiwe hunyamaza. Mizizi hunesa. Haya hamtayapata kwenye setilaiti, na ndiyo maana nayaeleza kwa ukaidi.

Alinifundisha pia nisiamini ukuta, nisiamini uzio, wala nisimwamini mtu aliyezaliwa kwenye nyumba hiyo. Ukipata bikoni moja huna kitu. Ukipata mbili una mstari. Ukipata tatu ndipo unaweza kwenda kuitafuta ya nne ukiwa na adabu. Na alikuwa na mwiko mmoja: mtu hatafuti bikoni ya kiwanja chake mwenyewe, hata awe fundi namna gani. Mkono wake utakipata chuma pale moyo wake unapotaka.

Saa ya kula alinisimulia jinsi ardhi ya huku ilivyopata wenyewe. Wazungu wakulima wa mwanzo, alisema, walipogawiwa mashamba hapakuwa na mnyororo wa kupimia wala darubini. Mtu alisimama katikati, akapanda farasi, akaenda mwendo wa nusu saa kila upande, na farasi alipofika ndipo palipokuwa mpaka.

"Mwenye farasi wa mbio alipata shamba kubwa," Ntate alisema huku akitafuna, "na babu zangu waliokuwa wakilisha ng'ombe humo hakuna aliyewauliza."

Mashamba yaliyopimwa kwa kwato hayakukutana vizuri, yakaacha mapengo. Johannesburg yenyewe ilianza kwenye pengo kama hilo, pembetatu iliyobaki katikati ya mashamba kwa kuwa hapakuwa na aliyeitaka, na ncha yake iko kule juu, si mbali na Hillbrow mnakopanga vyumba. Dhahabu ilipoonekana ndipo kila mtu akaipenda. Pembetatu ikakatwa viwanja, viwanja vikapigwa vyuma, vyuma vikaandikiwa hati, na mtu mweusi akabaki kuishi mjini kwa kibali ndani ya nyumba ya manispaa. Ntate alikuwa ametafuta bikoni za watu tangu ujana wake, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwa na hata moja.

Kwa hiyo nilipofika mimi, sheria zikiwa zimebadilika, tulikwenda Soweto kupiga bikoni kwenye nyumba ambazo watu walikuwa wamezaliwa humo wakazeekea humo bila hati. Bibi mmoja alitoa kiti, akakiweka kando ya chuma chake kipya, akaketi kutwa nzima kama kuku anayeatamia. Watoto wakipita karibu anawafukuza kwa kanga. Wenzangu walicheka. Mimi nilimwonea wivu hata njaa ikanipotea.

Jioni nilipomsimulia Nomvula, tukiwa kwenye chumba chetu cha kupanga Berea, alinitazama akasema, "Baba Zandi, mganga hajigangi. Lini na wewe utapigiwa chuma chako?" Nikamjibu kama nilivyomjibu miaka yote, kwamba mimi nitajenga nyumbani, Morogoro. Na ndugu zangu wa Morogoro wakiniuliza mbona sijengi, niliwaambia maisha yangu sasa yako Johannesburg. Mguu mmoja huku, mmoja kule, na chini hakuna kitu.

Ngoja nirudi kwenye kazi, maana kuna jambo nataka mlijue kabla sijamleta mtu wangu. Ntate alikuwa na desturi. Kabla hajachoma udongo, alimwita mwenye kiwanja akamwambia asimame pale anapodhani mpaka wake upo. Hakumsaidia wala kumkosoa. Mtu anajikwatua, anatembea kwa kujiamini, anasimama. Kisha sisi tunatafuta chuma, na tukikipata, karibu kila mara mwenye kiwanja alikuwa amesimama hatua moja ndani ya jirani. Maskini, tajiri, mchungaji, mwalimu, wote hatua moja. Ukimwita jirani naye asimame, anasimama hatua moja upande huu. Wawili hao wangeweza kukumbatiana. Ntate alisema hawadanganyi, ndivyo miguu ya binadamu ilivyoumbwa, na kwamba ukishaona mtu anasimama wapi umeshamjua nusu.

Basi sasa mtu wangu. Melkiori alitoka Burundi akiwa kijana, akapita Tanzania, akafika hapa na mfuko mmoja. Bwana Viljoen alimwajiri ashike utepe wa kupimia, nikaambiwa mimi nimfundishe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo niliishika mimi. Nilimtuma maji, nilimbebesha vigingi, nilimsahihisha Kiswahili chake. Aliniita mukubwa, akaitika kila kitu, na katika muda mfupi akawa ananipita kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake kubwa kwangu.

Kuna kiwanja kimoja kaskazini mwa mji ambako nilipata bikoni mwenyewe, kwa sindano niliyoazimwa na Ntate, nikaitangaza kwa sauti mpaka mwenye nyumba akatoka. Chuma kizuri, kimesimama wima, kina kutu ya heshima. Mafundi wakaanza kuvuta kamba zao ili wachimbe msingi wa ukuta. Melkiori akachutama, akakwangua udongo, akasema kwa upole, "Mukubwa, bikoni hii ina tundu la skrubu." Ilikuwa mguu wa kitanda. Mtu wa zamani aliupigilia pale ili amfunge mbwa wake. Ntate alicheka mpaka akaketi chini, Bwana Viljoen akacheka, mwenye nyumba akacheka, na kwa muda mrefu baadaye kila nikifika ofisini naulizwa kama nimelala vizuri.

Melkiori hakucheka. Laiti angecheka ningemchukia kwa urahisi.

Ntate alipostaafu, tulimfanyia chakula ofisini. Nilijua sindano ni yangu. Nilikuwa nimemtangulia Melkiori, nilimfahamu mzee, nilikuwa nimeshapanga hata mahali pa kuitundika. Ntate akainuka, akaishika sindano kwa mikono miwili, akampa Melkiori. Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini. Hakutafuta maneno. Alisema, "Huyu anajua kusimama," kisha akaingia kwenye teksi. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilikonda. Nomvula alidhani naumwa.

Miaka ikaenda. Darubini zikaja zenye namba zinazowaka, zikaja za setilaiti, ikaja droni, na mimi nikastaafu. Ndipo Melkiori akanunua nyumba Rosettenville, kusini mwa mji. Mkimbizi, wanangu, aliyekuja na mfuko mmoja. Nyumba ya zamani ya bati, uwanja nyuma, hati yenye jina lake na la mkewe. Nilipopata habari nilisema alhamdulillahi kwa mdomo, na rohoni nikasema maneno ambayo hayaandikiki.

Akanipigia simu. Alitaka kuondoa uzio wa waya kati yake na jirani, ajenge ukuta, maana wezi walikuwa wanapita. Jirani yake ni Gogo Khumalo, gogo kwa Kizulu ni bibi, mjane aliyepanda waridi mstari mzima kando ya uzio ule, na alikuwa hana amani, akiogopa ukuta utazila. Melkiori alimwambia atajenga kwa ndani, mbali na uzio. Gogo hakumwamini, kwani nani hapa mjini hujenga kwa ndani? Akataka chuma kionekane kwanza. Na kwa mwiko wa Ntate, Melkiori hakuweza kukitafuta mwenyewe.

"Mukubwa, uje wewe," alisema kwenye simu. "Wewe ndiye ninayekuamini."

Nilikwenda, na sitawaficha nilikwenda na dua gani. Niliomba bikoni ionekane ndani kwake, ndani kabisa, imkate uwanja, ukuta usogee mpaka mlangoni pa jiko lake.

Nilifika akanikaribisha, akanipa sindano kwa mikono miwili kama alivyopewa. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika tangu siku ile ya chakula. Nikafuata desturi. Nikamwita Gogo asimame kwenye mpaka wake. Akaja na mkongojo wake, akaupita uzio pale ulipolegea, akasimama hatua moja ndani ya Melkiori bila wasiwasi wowote. Nikacheka kimoyomoyo, miguu ya binadamu. Nikamwambia Melkiori naye asimame.

Akarudi nyuma. Alirudi kutoka kwenye uzio, akampita Gogo, akasimama kwenye majani yake mwenyewe, mbali na waya. Nikadhani hajanielewa. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuona mtu akisimama ndani kwake. Nikamwambia tena, akasema, "Nimesikia, mukubwa. Ni hapa."

Tukapata kona tatu bila taabu. Tukavuta utepe kwenda kwenye ya nne, yeye kashika mwisho mmoja, mimi mwingine, na utepe ukavuka uzio, ukaingia kwenye waridi za Gogo. Moyo ukaniuma palepale. Badala ya kukatwa, mtu huyu alikuwa anaongezewa. Nikavuka uzio, nikachoma. Jiwe. Nikachoma tena, mzizi. Nikachoma mara nyingine, sauti nyembamba ikanijia mpaka kiganjani.

Nilisimama pale na sauti ile mkononi. Gogo hakujua chochote. Nilifikiri ningeweza kusema hamna kitu, na hatua ile ya ardhi ingebaki kwa bibi wa watu, na Melkiori angekosa japo kitu kimoja katika maisha yake. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama. Amesikia, masikio yake yale.

"Ni jiwe hilo, mukubwa," alisema.

Nikamwambia si jiwe.

"Ni jiwe. Chomoa sindano tunywe chai. Nitajenga pale niliposimama."

Sasa fikirini. Mtu niliyetamani apunguzwe anataka kupunguzwa kwa hiari yake, na mimi nikapandisha hasira. Nilimwambia mimi nimeshawahi kukuta mguu wa kitanda nikauita bikoni, nikachekwa nusu ya maisha yangu, lakini leo nimeshika bikoni na hakuna atakayeniambia ni jiwe, hata mwenye kiwanja. Tuligombana kwa Kiswahili katikati ya waridi, mimi namlazimisha achukue ardhi, yeye anakataa. Gogo akauliza kwa Kizulu, "Mnagombania nini, wanangu?"

Kisha Melkiori akasogea karibu, akateremsha sauti.

"Kwetu mpaka tunaupanda miti," alisema. "Baba yangu aliipanda na jirani yake, wakicheka. Tukakimbia vita, kurudi, miti imehama. Baba akaidai hatua yake moja. Alikuwa na haki, mukubwa. Tulimzika na haki yake."

Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema. Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu miaka mingi, nikamtuma maji, nikamsahihisha sarufi, na sikuwahi kumuuliza baba yake alikufa vipi. Nilikuwa nahesabu alichopata tu.

Lakini chuma ni chuma. Nilimwambia kwamba ukuta ajenge popote anapotaka, hiyo ni ridhaa yake, ila bikoni ikizikwa leo, watoto wake na wajukuu wa Gogo wataitafuta kesho kwa mapanga. Miti ya baba yake ilihama kwa sababu hapakuwa na chuma cha kubaki. Melkiori akapiga magoti mwenyewe, tukafukua kwa mikono, kwa uangalifu ili tusikate mizizi ya waridi, mpaka kichwa cha nondo kikaonekana. Nikamwita Gogo, nikamweleza kwa Kizulu changu kibovu, mstari unatoka pale unafika hapa.

Gogo alikitazama chuma, akatazama waridi. "Eish. Kumbe nimekuwa nikimwagilia cha mtu."

"Endelea kumwagilia, Gogo," Melkiori alimwambia. "Ukuta utakuwa kule." Akaonyesha pale kwenye majani, alipokuwa amesimama mwanzoni, na mara hii Gogo akamwamini. Akaingia ndani kutafuta chai.

Tukakipaka chuma rangi nyeupe. Nilikuwa nafuta sindano ili nimrudishie, na mkono ulikuwa mzito. Sasa nilikuwa nimeelewa Ntate aliona nini, na kuelewa hakukunipunguzia maumivu, kuliyaongeza. Zamani nilimwonea Melkiori wivu kwa nyumba na kwa sindano. Sasa nikawa namwonea wivu kwa miguu yake, na miguu hainunuliwi.

Akaniuliza, "Na wewe, mukubwa, hukuwahi kuulizwa. Ingekuwa chako, ungesimama wapi?"

Nikatazama chini ili nifikirie jibu, nikaiona miguu yangu. Viatu vyote viwili vilikuwa upande wa ndani wa chuma, kwenye ile hatua moja ya ardhi yake, na visigino vilikuwa vimezama kwenye udongo tuliofukua. Nilikuwa nimesimama hapo tangu tulipoanza kugombana.

"Hapa hapa," nikamwambia.

Alitazama viatu vyangu, akatazama chuma, akaelewa. Hakucheka, kama kawaida yake.

"Basi simama, mukubwa," alisema. "Hakuna anayekufukuza."

Nikasimama. Msidhani wivu uliniisha, wanangu, bado ninao na leo nimewaonyesha. Lakini nilisimama pale kwenye ardhi ya mwenzangu, sindano mkononi, mpaka Gogo akatuletea chai.